Mwezi Aliouona Mjomba Issa

Habari za msiba wa Mwalimu Vianney zilinifikia asubuhi, kitambaa cha mteja kikiwa mezani na mkasi mkononi mwangu. Aliyepiga simu ni mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa ni baba wa watoto na ana duka la vipuri vya pikipiki Mbugangari. Alisema, "Dada Rehema, Mwalimu ametutoka. Wanamzika kesho, kulekule Nyamyumba." Nikamshukuru, nikakata simu, nikarudi kwenye kitambaa, na kwa muda mrefu sikujua nilikuwa nakata nini. Nyamyumba si mbali. Ukipanda pikipiki pale stendi, kabla hujamaliza kumuuliza dereva habari za nyumbani kwake umeshaanza kuona mashua za sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Miaka yote hii nimekwenda huko kununua samaki, na nimekwenda kukanda magoti kwenye chemchemi ya maji ya moto. Mlango wa Mwalimu sikuwahi kuubisha. Na Mjomba Issa, ambaye alimpenda mtu yule kuliko alivyowapenda ndugu zake wa damu, alikufa bila kuubisha. Kuna watu wanaotenganishwa na mipaka na vita, hao nawaelewa. Sisi tulitenganishwa na mwezi, na ulikuwa mwezi wa jioni moja tu.

Sitaeleza hapa nilivyofika kwa Mjomba Issa, maana habari hiyo ina watu wengi na haina faida. Nilikuwa msichana mkubwa, nimemaliza masomo ya chini ya sekondari, nasubiri kupata nafasi ya kuendelea, na mjomba akasema badala ya kukaa bure nije nijifunze kushona. Nyumba yake ilikuwa mjini, katika mtaa wa Waislamu, imeelekea barabara. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi: vyerehani viwili, kioo kirefu kilichopasuka kona, na suti zisizokuwa na wenyewe zikining'inia ukutani mwaka mzima. Chumba cha kati, nyuma ya pazia la maua, ndiko nilikolala na ndiko nilikopigia pasi ya mkaa. Nyuma kulikuwa na ua, jiko, na chumba kidogo cha bati alichopanga Mwalimu. Ukikaa kwenye benchi la ukuta wa jiko, kati ya paa mbili uliona kipande cha ziwa upande wa magharibi, si kikubwa kuliko leso, na hapo ndipo jua lilipozama mbele yetu kila siku mawingu yalipokubali.

Mwalimu Vianney alikuwa Mkristo, mtu aliyerudi kutoka Kongo, mwalimu wa sayansi katika shule moja ya sekondari. Alikuwa mwembamba, na shati lake lilikuwa na chaki hata siku ya Jumapili. Alikuwa amepanga chumba tu, lakini Mama Salma, mke wa mjomba, hakuweza kuvumilia kumwona mwanamume anakula viazi baridi peke yake, kwa hiyo ndani ya majuma machache akawa anakula nasi. Alikula sombe ya majani ya muhogo kwa heshima na sambaza wa kukaanga kwa uchoyo, akituomba radhi kila alipoongeza. Baada ya chakula cha jioni, wanaume wawili wale walikaa kwenye benchi na kuzungumza juu ya mwezi. Kilichoanzisha ni kwamba mjomba ndiye aliyekuwa mtazamaji wa mwezi wa mtaa. Tangazo lilitoka redioni kutoka Kigali, siku zile kama sasa, lakini kila mtaa ulikuwa na macho yake, na macho ya mtaa wetu yalikuwa ya fundi Issa. Wazee walisema anaona hilali kabla haijajijua yenyewe.

Jioni moja Mwalimu alirudi amechoka na kucheka mwenyewe. "Mzee Issa," akasema, "leo watoto wamenishinda. Kitabu inasema, nusu ya kwanza ya mwezi inafanana na herufi p, nusu ya mwisho inafanana na d. Bon, mi nikachora kwenye ubao. Wakaniambia, Mwalimu, mwezi yetu haiko p, haiko d. Iko bakuli."

Mjomba akacheka mpaka akakohoa. "Wana haki. Mwezi wa vitabu vyako umesimama kama askari. Wetu unalala chali kama mtu aliyeshiba."

Mwalimu akafikiri, kisha akaniita nilete taa ya chemli na chungwa. Akaiweka taa mezani, akatia chungwa kwenye ncha ya kisu, akaanza kulizungusha kuzunguka kichwa changu mimi niliyekaa kwenye kigoda. Mimi, akasema, ni dunia. Taa ni jua. Nitazame chungwa tu. Na kweli, lilipokuwa upande wa taa nililiona jeusi. Lilipoanza kusogea, ukingo wake ukashika mwanga mwembamba kama kucha. Lilipofika nyuma yangu, mkabala na taa, lilikuwa limejaa. Chungwa halikubadilika hata kidogo. Nusu yake ilikuwa na mwanga wakati wote. Kilichobadilika ni kiasi cha nusu ile nilichoweza kukiona kutoka kwenye kigoda changu. Halafu akatueleza kwa nini wa kwetu unalala. Waandishi wa vitabu vile, alisema, wanakaa kaskazini, mbali, na kwao mwezi unapita pembeni mwa anga. Sisi unatupita juu ya utosi, na jioni unateremka ziwani ukilifuata jua, upande wake wenye mwanga ukiwa chini kulielekea jua lililokwisha kuzama. "Mwezi ni moja," akasema. "Ni sisi ndio tumesimama tofauti juu ya huu mupira."

Mjomba akalichukua chungwa, akaligeuza mkononi. Kisha akasema, "Subhanallah. Nimeutazama tangu utoto, na sikujua kwamba ninachotazama ni mahali niliposimama."

Mwaka ule nilijifunza kushona, lakini nikikumbuka vizuri, nilichojifunza zaidi ni hayo mengine. Nilijifunza kwamba kila siku mwezi huchelewa, unaachwa nyuma na jua karibu saa nzima, ndiyo maana mpevu huchomoza juu ya vilima vya Rugerero jua linapozama ziwani, na siku chache baadaye unausubiri hadi usingizi unakuchukua. Nilijifunza kuutafuta asubuhi, umepauka kama sabuni iliyotumika, juu ya ziwa wakati watoto wanakwenda shule. Nilijifunza kwamba unatuonyesha uso mmoja tu siku zote. Mwalimu alinifanya niizunguke meza huku uso wangu ukiitazama taa, na nilipomaliza akaniuliza kama nimegeuka. Nikasema sijageuka. Mama Salma, aliyekuwa mlangoni na mwiko, akasema, "Mbona mi nimekuona mgongo, nimekuona ubavu, nimekuona uso? Umegeuka, binti." Mwalimu akampigia makofi. Alikuwa ameanza pia kunifundisha hesabu na fizikia kwa ajili ya mtihani wa kuingia chuo cha ualimu. Alisema hataki kusikia kwamba nimeshindwa. Kila siku nilimaliza vifungo na pindo haraka ili niwahi benchi.

Katika miezi ile mjomba alikuwa akiniita kumtungia uzi kwenye sindano. Nilidhani ni desturi ya mabwana fundi, kuwa na mtu wa kazi ndogo. Alikuwa pia ameacha kupokea kitambaa cheusi, akisema kinachafua cherehani. Leo naona yote haya yamepangwa mstari mmoja, lakini wakati ule hayakuwa na mstari. Aliendelea kukaa kwenye benchi na kuelekeza kidole. "Leo umenenepa," alikuwa akisema, na ulikuwa umenenepa kweli, kwa sababu alijua siku za mwezi kama alivyojua vipimo vya wateja wake.

Kisha Ramadhani ikaja. Jioni ya tarehe ishirini na tisa wazee walipanda kilima nyuma ya mtaa, mjomba akiwa mbele, kutazama kama mwezi wa Shawwal umeandama. Mwalimu hakuwepo, alikuwa amekwenda Ruhengeri kwa mambo ya shule tangu siku iliyotangulia. Nilibaki jikoni na Mama Salma, tunakunja sambusa, tunasikiliza. Magharibi kulikuwa na utepe wa mawingu juu ya ziwa, chini yake anga imewaka. Ghafla tukasikia takbira ikishuka kutoka kilimani, kwanza sauti moja, kisha nyingi, na watoto wakaanza kukimbia barabarani wakiimba Idi. Mama Salma akashika kifua. "Ameuona," akasema. "Washa jiko la pili, Rehema, nyama iingie." Mjomba akarudi amebebwa na watu, si kwa mikono bali kwa vicheko. Hakuna mwingine aliyeuona. Walikuwa wametazama alipoelekeza, wakaona mawingu, na wakaamini macho yake.

Baada ya sala ya isha redio ikatangaza kwamba mwezi haukuonekana popote nchini na kwamba kesho ni funga. Vicheko vikakatika nyumba moja baada ya nyingine. Imamu wa mtaa, mtu mpole, akaamua watu wafuate tangazo. Pilau iliyokuwa imeshaiva ikawa ya daku. Mjomba hakubishana na mtu. Alisema tu, "Mimi nimeuona," akaingia chumbani. Kesho yake hakunuia funga, kwa kuwa alikuwa na yakini kwamba ni sikukuu, lakini pia hakutia kitu mdomoni. Mama Salma alimpelekea chai ya maziwa, na adhuhuri nikaitoa imefanya ngozi juu.

Siku hiyohiyo asubuhi Mwalimu Vianney aliteremka kwenye basi la Ruhengeri, akaingia kunywa chai kwenye mgahawa mmoja karibu na stendi. Waliokuwepo walinisimulia baadaye, na wote walisimulia sawa. Madereva wawili walikuwa wanabishana kama mwezi ungeweza kuonekana jana. Mmoja akamgeukia. "We Mwalimu ya siyansi, tuambie, jana mwezi iliweza kuonekana?"

Mwalimu akachukua glasi mbili akawaonyesha. Jana, alisema, mwezi ulikuwa umekaribiana sana na jua. Ulizama karibu pamoja nalo, mwanga wa jua ukiwa bado mkali, na upande wake wenye mwanga ulikuwa umetupa kisogo. "Donc, haiwezekani," akasema. "Haiwezekani mutu auone, hata na darubini. Leo jioni mutauona bila shida."

"Kwa hiyo aliyesema ameuona amedanganya?"

"Aliona kitu ingine," akasema Mwalimu, akamaliza chai yake, akalipa. Hakuuliza ni nani. Hakuna aliyemwambia.

Neno lile lilifika nyumbani kabla yake. Alipoingia na begi lake, watu watatu walikuwa wameshapita dukani kumwambia mjomba kwamba mpangaji wake, anayekula kwake, amemwita mwongo mbele ya stendi nzima. Mimi nilikuwa chumba cha kati napiga pasi kanzu za sikukuu, na pazia halizuii sauti.

"Umekula chakula cha mke wangu," mjomba alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mzee, sikujua ni weye. Naapa. Nilikuwa nimetoka safari."

"Na kama ungejua?"

Mwalimu akaweka begi lake chini. "Ningenyamaza," akasema. "Lakini mwezi haikukuwa pale, Mzee. Niambie uliiona namna gani. Pembe zilikuwa zinaangalia wapi?"

"Ulikuwa mwanga. Mweupe, mwembamba, chini ya wingu. Pembeni ulikuwa na kama moshi."

"Na ile taa ya duka ya ng'ambo ya barabara, inawaka hata muchana hii. Unaiona namna gani?"

Nilisikia kiti kikisogea. Nadhani mjomba alijisogeza mlangoni kutazama. Mkaa wa pasi yangu ukapasuka. Mwishowe akasema, "Vilevile."

"Na mimi? Uso wangu?"

"Nakujua kwa sauti, Mwalimu. Tangu mvua za mwanzo."

Niliinua pasi nikaiweka pembeni. Mwalimu alipozungumza tena, alikuwa anazungumza haraka, karibu kwa furaha. "Basi haikukuwa uongo! Ni mtoto wa jicho, Mzee. Uliona mwanga ukingoni mwa wingu, jicho ikaufanya kuwa mwezi. Mi ninaenda sasa hivi kwa imamu, ninaenda stendi, ninawaambia wote: huyu hakudanganya, huyu anagonjwa macho. Na hii inatibika, hata Goma iko madaktari."

"Kaa chini."

"Mzee, jina yako..."

"Kaa chini, Vianney." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita jina. "Ukiwaambia hivyo, nani ataniletea kitambaa? Nani atanipa suti ya harusi ya mwanawe nikate? Acha waniite mwongo. Mwongo bado anashona. Kipofu hashoni."

Nimeishi na maneno hayo zaidi ya miaka ishirini, na bado sijui ningemjibu nini. Mwalimu aliuliza kama hata mimi nisiambiwe. Mjomba akasema hata mimi. Akamwapisha. Kisha akasema jambo ambalo naamini lilimuuma kulisema kuliko yote: "Na uhame. Ukibaki hapa tunakula sahani moja, watu watakuuliza kila siku, na wewe huwezi kusema uongo. Nimekuona. Huwezi."

Jioni ile mwezi uliandama. Mtaa mzima uliuona, umelala juu ya ziwa, mnene kiasi, pembe zote mbili zikiwa juu, na hata sehemu yake ya giza ilionekana kwa mbali, ile ambayo Mwalimu alitufundisha kwamba inaangazwa na mwanga wa dunia yetu wenyewe unaorudi kwake. Mjomba hakutoka nje. Mwalimu alikuwa uani anafunga vitabu kwenye katoni, na mimi nilikuwa nimesimama kati yao, najua wanachojua wote wawili, wakiamini sijui. Siku mbili tatu baadaye alihama. Akapata shule Nyamyumba, akaoa huko, akakaa huko. Aliponiaga alinipa kitabu chake cha fizikia, akasema, "Usiache, Rehema." Nikasema sitaacha.

Niliacha. Hakuna aliyenilazimisha. Mtihani ulipokaribia, mjomba alikuwa anakata kwa kupapasa, na mimi usiku nilikuwa nafumua mishono yake iliyopinda na kuishona upya kabla wateja hawajaja. Ningekwenda chuoni, duka lingefungwa ndani ya mwezi mmoja. Kwa hiyo nikabaki kwenye cherehani cha pili, halafu kwenye cha kwanza. Wazee hawakumwita mjomba tena kilimani. Aliendelea kukaa mlangoni na futi shingoni, akiwasalimia watu kwa sauti zao, na watu wakaendelea kuleta vitambaa kwa mwongo. Najua nilifanya lililopaswa kufanywa. Lakini zipo asubuhi ambapo mwezi uliopauka unabaki juu ya ziwa, watoto wanapita na mabegi, na mimi namwona mwalimu mmoja wa kike ambaye angekuwa anatembea pamoja nao, na sura yake ni yangu.

Miaka mingi baadaye mjomba aliteleza kwenye ngazi za msikiti, na hapo siri ikaisha yenyewe. Mama Salma, ambaye nadhani alijua kabla yetu sote, alimpeleka kwa madaktari wa macho waliokuwa wamekuja hospitalini. Ilikuwa kazi ndogo, upasuaji wa muda mfupi. Kwa hofu aliyokuwa ameibeba, udogo wake ulitutia uchungu. Walipomfungua bandeji alirudi nyumbani akishangaa mikunjo ya mikono yetu. Kabla jua halijazama nikamtoa nje, kwa kuwa mwezi ulikuwa karibu kujaa na ulishapanda juu ya Rugerero. Akautazama. "Una madoa," akasema. "Nilikuwa nimesahau kwamba una madoa." Machozi yakamtoka, nikamkumbusha kwamba daktari amekataza. Kisha akauliza, "Vianney yuko wapi?" Nikamwambia Nyamyumba. "Tutakwenda kumsalimia," akasema. Tulisema Jumapili ijayo. Mvua ikanyesha. Halafu ikaja Ramadhani, zikaja sare za shule, likaja hili na lile. Mtu akiwa karibu hivyo, unaona yupo tu. Mjomba alikufa mwaka uliofuata, na katika shughuli zile hakuna aliyefikiria kupeleka habari Nyamyumba.

Mazishi ya Mwalimu yalikuwa na wanafunzi wengi, vijana na wenye mvi. Baada ya kuzika nikamtafuta mjane, mwanamke mfupi mwenye macho ya upole, nikajitambulisha kuwa mpwa wa fundi Issa wa mjini. Akanishika mikono yote miwili.

"Fundi Issa!" akasema. "Kila mwaka mfungo ukikaribia alikuwa anawauliza wanafunzi Waislamu: yule muzee bado anashona? Wakimwambia cherehani iko inalia tu pale, anafurahi siku nzima. Mi namwambia, si uende umuone? Anasema hapana, nikienda watu wataanza kuniuliza, na mi nilimuahidi." Akanitazama. "Alimuahidi nini, dada? Miaka yote tuliyokaa pamoja, hakuniambia."

Watu walikuwa wanapita kati yetu na viti. Mtaa wetu wote ulikuwa umejua tangu siku ile ya ngazi za msikiti. Watoto walikuwa wanaitania miwani aliyopewa mjomba baada ya upasuaji, imamu mwenyewe alikuwa amekuja kumwomba radhi. Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyekuwa bado anaitunza siri ile, na hakuna kati yetu aliyepanda pikipiki kwenda kumtua mzigo huo.

Nikamvuta mjane kando, chini ya paa, nikamwambia.